Aliyeanguka Kila Alasiri

Katika miaka yote aliyochungulia vinywa vya watu, Daktari Gaudensi Kihwele hakuwahi kuona kinyaa. Aling'oa magego yaliyooza mpaka mizizi, akakamua usaha, akavumilia pumzi za walevi na za wagonjwa, na saa ya chakula ilipofika akala akashiba. Wauguzi wake walimtania kwamba Mungu alisahau kumpa pua. Ndiyo maana alipoanza kutapika uzeeni, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta, majirani walidhani ni vidonda vya tumbo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile ya Juni, upepo wa Iringa ukitikisa madirisha, daktari alikuwa angani.

Chumba kilikuwa cha binti yao Leonsia kabla hajaolewa. Sasa kilijaa simuleta, mashine ya kuigiza urubani: kiti kilichoinama na kutetemeka kama cha ndege ya kweli, miwani iliyoziba macho yote, glavu nyembamba zilizompa mkononi uzito wa usukani. Tangu utotoni Kihwele alitaka kuwa rubani. Walimpima macho, wakakuta hatofautishi nyekundu na kijani, wakamrudisha nyumbani, naye akaenda kusomea meno. Simuleta haikuuliza habari za macho. Alipostaafu aliinunua hata kabla ya kuezeka upya nyumba, na mkewe, Mama Leonsia, akanuna mpaka mvua za masika zilipokwisha.

"Betri ya kushoto inapata moto," ilisema sauti ya mwanamke kutoka kiti cha pili. "Baba, umeiona?"

"Nimeiona, binti yangu."

Hakumjua jina. Katika mchezo huu aliandikwa Rubani Msaidizi tu. Kampuni ya Upeo ilikuwa imewaletea wanachama wake, wengi wao wazee wastaafu nchi nzima, kitu ilichokiita Changamoto ya Bonde: ndege ya umeme yenye mota nne, milima yenye theluji pande zote, na hitilafu inayotokea mara tu baada ya mchezo kuanza. Marubani wasaidizi wa michezo mingine walizungumza kama lifti inayotangaza ghorofa. Huyu alikohoa. Alicheka kwa kupitisha pumzi puani. Ukimfanyia jambo jema alisema "ndaga," na daktari aliamini kwamba Upeo wamemwajiri mwigizaji wa Kinyakyusa, akawasifu moyoni kwa kutojali gharama.

Mota mbili za kushoto zikazima. Ndege ikavutwa upande, ving'ora vikalia.

Tangu kabla ya Pasaka alikuwa akianguka hapa. Kila alasiri, baada ya kulala kidogo, aliketi, akaruka, akaanguka. Mwili wote ulimwambia aongeze nguvu kwenye mota za kulia, na mwongozo wa ndege uliokuja na mchezo ulimwambia hivyo hivyo. Kila alipoongeza, ndege ilijipindua chali kama kombamwiko. Polepole, anguko kwa anguko, alikuja kugundua kwamba njia ni kinyume. Punguza. Zima kabisa zile za kulia, iache ndege ielee kama karatasi, itafutie ardhi tambarare.

"Baba, unapunguza?" Sauti ilipanda. "Mwongozo unasema tuongeze!"

"Niamini."

"Tunashuka! Baba, tunashuka!"

"Najua. Niamini, mama."

Bonde likapanda kuwalaki. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Kiti kikamtikisa mpaka meno yakagongana. Kisha kila kitu kikatulia, na ndani ya utulivu ule alimsikia yule mwanamke akihema.

"Umetufikisha," alisema, akacheka kwa pua, na kicheko kikageuka kilio. "Umetufikisha, baba. Ndaga fijo."

Daktari alivua miwani, uso umelowa. Mama Leonsia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Umetua?"

"Nimetua, mama! Nimetua!"

Alimshika mkewe kiuno, wakacheza katikati ya nyaya mpaka chai ikamwagikia kapeti, na Mama Leonsia, aliyeichukia mashine ile, akacheka pia.

* * *

Mwezi haukuisha, ndege ndogo isiyo na rubani ikatua kwenye uwanja wa shule ya jirani. Akashuka kijana nadhifu wa suti ya kijivu, akauliza kwa Daktari Kihwele. Alijitambulisha kuwa Wakili Elineema Mbazi, wa Upeo. Alisalimia kwa adabu zote, akasifu bustani, akakubali viazi vitamu na chai.

"Mzee wangu," alisema, "katika wanachama wote, ni wewe peke yako uliyetua bila jeraha kwa abiria hata mmoja. Tunakuomba uje Mbeya, kwenye Baraza la Uchunguzi wa Ajali. Uwaambie tu kwamba ulitua, na kwamba wewe si rubani."

"Ajali ipi?"

Mbazi alifuta midomo kwa leso. "Ile ya Usangu. Ndege ya shirika la Mbuga iliyoanguka mwaka juzi kwenye mashamba ya mpunga."

Nani asiyeijua. Nchi nzima iliomboleza. Abiria wote waliteketea, pamoja na Kapteni Atupele Mwaisumo. Daktari alitazama kikombe chake, na taratibu, kama mtu anayepapasa jino kwa ulimi akisikia kuna kitu kimelegea, akaelewa.

"Ile milima yenye theluji..."

"Tulibadilisha mandhari, ili kuheshimu hisia za watu. Ndege ni ile ile, hitilafu ni ile ile."

"Na yule binti? Wa kiti cha pili?"

Hapo wakili akachangamka, kwa kuwa alipenda kazi yake. Alieleza kwamba siku hizi, kwa sheria, rubani huvaa fulana inayonasa mapigo ya moyo, pumzi, mwendo wa macho, hata jasho. Haya yote huhifadhiwa ndani ya kisanduku cheusi pamoja na sauti. Upeo walikuwa wamepata kibali cha kuyachukua yale ya Kapteni Mwaisumo, ya safari zake zote, wakayalisha kwenye mtambo wao. Mtambo ukajifunza namna alivyoongea, alivyoshtuka, alivyocheka. Kilichotoka walikiita kivuli.

"Si mtu," alisema Mbazi haraka. "Hakina uhai. Ila kinajibu kama ambavyo yeye angejibu. Tulikihamishia kiti cha pili ili mchezaji ashike usukani. Unaona mzee, swali la Baraza ni moja: ndege ile ingeweza kuokolewa? Watengenezaji wa ndege ni wateja wetu, wanasema ingeweza. Na wewe umethibitisha. Mzee mstaafu, daktari wa meno, ameitua salama. Sasa rubani aliyesomea alishindwa nini?"

"Nilianguka tangu Pasaka," alisema daktari. "Kila siku."

"Hayo ni mazoezi. Sisi huhifadhi matokeo tu."

Kiazi kilimkwama kooni. Alijaribu kukimeza, kikakataa. Aliinuka akapita jikoni, na kwenye karai la vyombo akatapika viazi, chai na kila kilichokuwemo, akaendelea kukokomoka hata pasipobaki kitu. Alinawa mikono. Akaitazama, akainawa tena. Kupitia mlango alimsikia mkewe akisema na mgeni kwa sauti ya chini ambayo Kihwele aliiogopa kuliko makelele yake.

"Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye, mama."

"Akifa, utamtia kwenye mashine watu wamchezee?"

Wakili aliweka kikombe chini, akainuka. Aliondoka na adabu zake zile zile, ila alipofika uani aligeuka akamwambia daktari kwamba akija Mbeya itakuwa vizuri, na asipokuja kumbukumbu ya kutua kwake itaonyeshwa hata hivyo. Daktari mwenyewe alikwisha kukubali masharti siku aliyojiunga.

* * *

Kesho yake alimpigia Tryphone Rugaimukamu, mhandisi mstaafu wa Bukoba, rafiki yake wa miaka mingi katika Klabu ya Marubani wa Sebuleni. Uso mpana wa Rugaimukamu ukajaa kwenye skrini ya ukutani, unatafuna senene.

"Shujaa wetu! Nasikia unakwenda Mbeya."

Kihwele alimweleza yote. Alidhani rafiki yake ataacha kutafuna. Rugaimukamu alitafuna polepole zaidi, hivyo tu.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Ndiyo maana ni mzuri hivyo. Daktari, mimi mambo ya Baraza siyajui, ila kwa utengenezaji nawavulia kofia. Unajua kwamba kila akianguka hasemi maneno yale yale? Vijana wa Mwanza wamekusanya. Ukiilaza ndege upande wa kulia anaita mama yake. Ukimwangushia milimani anasali. Wapo wanaoiangusha makusudi ili wamsikie. Ngoja nikutumie moja hapa, inachekesha, yaani kabla tu ya..."

"Usinitumie."

"Ni mchezo, Gaudensi."

"Usinitumie, nimesema!"

"Mbona unanifokea? Wewe mwenyewe umemwangusha mara ngapi?"

Daktari alikata simu. Swali lilibaki. Alikumbuka alasiri moja ya mwezi wa tano, ndege imejipindua, yule mwanamke ameanza kupiga yowe, na Mama Leonsia akaita kwamba ugali unapoa. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Alikwenda mezani. Alikula ugali na mlenda, akazungumza habari za mbolea, akanawa, akarudi, akakaa kitini, akabonyeza kuendelea. Yowe likamaliziwa pale lilipokatwa. Wakati ule hakuona kitu chochote.

Siku hiyo hakula. Wala iliyofuata. Kila chakula kilipokaribia mdomo kilinuka, na harufu yenyewe hakuipata kwenye sahani. Aliipata mikononi mwake.

"Nenda kwa mama yake huyo binti," Mama Leonsia alimwambia hatimaye. "Kabla ya Baraza. Nitakwenda na wewe."

* * *

Mama yake kapteni aliishi Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, kwenye nyumba ya matofali yenye shamba la viazi nyuma. Kabla hawajafika mlangoni walikutana na harufu. Mtu alikuwa amepaka kinyesi ukutani chini ya dirisha, si mara moja. Paliposuguliwa palibaki madoa ya rangi ya kahawia, moja juu ya jingine. Bi Tusekile Mwaisumo alikuwa amepiga magoti na ndoo na brashi, akisugua la leo.

"Karibuni," alisema bila kuinuka. "Mniwie radhi. Ni ndugu wa waliokufa. Wamesikia kwamba Baraza litasema mwanangu aliwaua, basi wanatangulia."

Mama Leonsia alisogea ukutani. Alivua kitenge cha mabegani, akachukua tambara, akapiga magoti kando yake. Daktari alisimama na kofia mkononi kama mtoto aliyechelewa shule, mpaka ukuta ulipokwisha.

Ndani, Bi Tusekile aliwapa maziwa mgando. Daktari alikiweka kikombe chini, akasimulia. Hakuficha. Alisema alivyopenda sauti ile, alivyotua, alivyocheza na mkewe, alivyotambua. Alisema hata lile la ugali. Bi Tusekile alimsikiliza akitazama dirishani, mikono mapajani, yenye harufu ya sabuni ya unga.

"Ulipotua," aliuliza, "alisema nini?"

"Alisema, 'Umetufikisha, baba. Ndaga fijo.'"

Yule mama aliyarudia maneno hayo midomoni, kisha akaibana.

"Kwa hiyo umekuja kufanya nini?"

"Kampuni imehifadhi kutua tu," alisema daktari. "Lakini mashine yangu mimi imehifadhi kila kitu. Maanguko yote. Wakiyaona, wataelewa kwamba hakuna mtu angeweza kuitua kwa mara ya kwanza. Mara zote za mwanzo nilifanya alichofanya yeye, kile ambacho mwongozo unasema. Nilijua la kufanya kwa sababu tu nilikuwa nimeanguka sana. Yeye alipewa nafasi moja." Alisita. "Ila katika kila anguko, yumo. Sauti yake imo. Wakionyesha, utamsikia. Watu wote watamsikia. Nimekuja kukuomba ruhusa, mama."

Bi Tusekile alimgeukia.

"Mwanangu alikufa mara moja," alisema. "Wewe umemwua mara ngapi?"

Daktari aliinamisha kichwa.

"Hujui. Na sasa unataka nikuambie, nenda baba, mwue tena hadharani, mimi mama yake nimekubali. Ili ukilala usingizi uje. Mikono yako unataka niioshe mimi." Hakupandisha sauti. "Ukionyesha, atakufa mbele yangu na mbele ya watu. Usipoonyesha, ataitwa mwuaji mpaka mwisho wa dunia na mimi nitasugua ukuta. Ulipokuwa unacheza hukuniuliza. Basi hata hili usiniulize. Amua mwenyewe."

"Mama..."

"Maziwa yako hujanywa," alisema Bi Tusekile. "Kama yanakuchefua, acha."

Aliyanywa. Alihisi kila funda likishuka na kutaka kurudi, akalizuia, akamaliza kikombe chote, kwa sababu alijua hawezi kuyaacha mbele ya mama yule.

* * *

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Mbele walikaa ndugu wa marehemu, nyuma waandishi. Bi Tusekile alikaa peke yake kwenye benchi la pembeni. Hakuna aliyetaka kukaa karibu naye, mpaka Mama Leonsia alipovuka ukumbi akaketi ubavuni pake.

Wakili Mbazi alionyesha kutua. Ukutani ndege ilielea, ikagusa, ikasimama. Sauti ya kivuli walikuwa wameizima. Watu walivuta pumzi. Mtu mmoja mbele akasema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivi!" na mwanamke mwenye picha ya mtoto kifuani akaanza kulia kwa hasira.

"Daktari Kihwele," alisema Mbazi, "ni wewe uliyetua?"

"Ni mimi."

"Umewahi kuendesha ndege ya kweli?"

"Sijawahi."

"Asante, mzee."

"Sijamaliza," alisema daktari. Alimgeukia mwenyekiti, mama mwenye nywele nyeupe. "Mheshimiwa, wamewaonyesha alasiri moja. Zilizotangulia ninazo mimi." Akaweka mezani kisanduku cha kumbukumbu cha mashine yake, kidogo kama kiberiti. "Naomba zionyeshwe. Zikiwa na sauti."

Mbazi alisimama kupinga. Alisema ni mazoezi, ni mali ya kampuni, yataumiza hisia za familia. Mwenyekiti alimtazama Bi Tusekile. Bi Tusekile alitazama mbele, wala hakutikisa kichwa, wala hakuitikia.

"Zionyesheni," alisema mwenyekiti.

Anguko la kwanza lilianza. "Betri ya kushoto inapata moto. Baba, umeiona?" Sauti ilijaa ukumbi, na daktari alimwona Bi Tusekile akijikunja kama aliyepigwa tumboni. Mota zikazima. Kwenye skrini mkono wa glavu, mkono wake mwenyewe, ukaongeza nguvu upande wa kulia, kama mwongozo ulivyosema, kama kapteni alivyofanya. Ndege ikajipindua. Yowe. Kimya.

La pili. Yowe. Kimya. La tatu, alisali. La nne, alimwita mama yake kwa Kinyakyusa, na mama yake akaziba masikio, kisha akayazibua mwenyewe, akaiweka mikono mapajani tena.

Daktari alisimama katikati ya ukumbi akitazama. Alikuwa amejiapiza kutofumba macho. Kila anguko lilipokwisha palisikika kiti kikilia na sauti ya mzee, changamfu, ikisema peke yake: "Aa! Tena." Ni yeye. Alikuwa amesahau kwamba husema hivyo. "Aa! Tena." Watu walianza kumtazama yeye badala ya skrini, kwa macho ambayo hajawahi kutazamwa nayo, kama watu wanaotazama funza ndani ya nyama. Hakuwalaumu. Alikuwa akijitazama kwa macho hayo hayo. Lilipofika lile la mwezi wa tano, yowe likakatika katikati, na sauti ya mbali ikaita, "Ugali unapoa!" Mama Leonsia aliinamisha uso akaufunika kwa kitenge.

"Basi," ilisema sauti kutoka mbele. Alikuwa yule mwanamke mwenye picha ya mtoto. Alikuwa amesimama, ameikumbatia picha. "Basi, zimeni. Tumeelewa. Mwacheni dada wa watu!"

Mwenyekiti aliinua mkono. Skrini ikazimika. Mwanaume mmoja alitoka mbio kwenda nje, akasikika akitapika mlangoni. Wakili Mbazi alikaa na suti yake ya kijivu, amenyauka. Hakuuliza swali lingine.

* * *

Uamuzi ulitoka wiki hiyo hiyo. Baraza lilisema hapakuwa na kosa la rubani, kwamba mwongozo wenyewe ulikuwa na kasoro, kwamba ndege za aina ile zisiruke mpaka urekebishwe. Upeo iliamriwa kuondoa Changamoto ya Bonde na kukifuta kivuli katika mitambo yake. Kampuni ilitii. Lakini mwenyekiti mwenyewe alikiri kwamba nakala zilizokwisha kushushwa majumbani hazina wa kuzirudisha. Rugaimukamu alikuwa na yake. Vijana wa Mwanza walikuwa na zao, na baada ya habari zile walizithamini zaidi. Daktari aliwaandikia wanaklabu wote akiwasihi wazifute. Wawili watatu walifuta. Mmoja alimuuliza ni anguko lipi lililomfurahisha zaidi.

Siku ya uamuzi, nje ya ukumbi, Bi Tusekile alikuja mpaka aliposimama.

"Jina lake limesafika," alisema. "Kwa hilo ndaga."

"Mama, mimi..."

"Usije kwangu tena. Mkeo aje akitaka. Wewe usije." Alikuwa hana chuki usoni, uchovu tu. "Ile ya nyumbani kwako, ipo bado?"

"Ipo."

"Ifute."

"Nikifika tu."

Alikwisha kupiga hatua, akarudi. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya, kama mtu anayeomba kitu anachojua ni upuuzi.

"Najua si yeye. Nimemsikia, nimejua si yeye, ni mdomo wake tu mtu mwingine ameuvaa. Lakini usiifute akiwa anaogopa."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba daktari, aliyeapa kutokikalia tena kiti kile, alikikalia. Kivuli hakikuweza kufutwa ila mchezo ukiwa wazi, na mchezo ulifunguka angani, muda mfupi tu kabla ya betri kupata moto. Alivaa glavu. Ngozi ilimsisimka, kama aliyetia mkono kwenye maji ya mtaro. Akashusha miwani.

Mawingu membamba, milima ya uongo, jua. Kulia kwake, kiti cha pili, mtu alikohoa. Daktari alikuwa akibonyeza vitufe siku zote pale mwanzoni, akiiwahi hitilafu, hajawahi kunyamaza na kusubiri asikie kitu. Safari hii alikaa kimya, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Leo umetulia," alisema yule mwanamke. "Umekunywa chai, baba?"

"Bado, binti yangu."

"Tukishuka," alisema, "kuna mama pale nje ya uwanja anachemsha nzuri kwelikweli, anatia..."

Akabonyeza.

Kiti cha pili kikawa tupu. Ndege iliendelea kuruka, imenyooka. Alivua miwani, akavua glavu moja, nyingine akaisahau mkononi. Mama Leonsia, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote, akamvulia. Kisha akainama chini ya meza na kuanza kuchomoa nyaya, moja baada ya nyingine, bila kuuliza upi ni wa nini.